Mvua ya Kwa Wenyewe

Al Amerat, 12 Februari

Shangazi yangu Kheiria,

Shikamoo. Naibusu mikono yako yote miwili, na huo wa kushoto zaidi, maana ndio ulionifinya utotoni, usije ukaona nimeusahau.

Huku sote wazima, alhamdulillahi. Bwana wangu Osama yuko Rusayl kiwandani na marangi yake, akirudi jioni hata kope zina rangi. Pacha wako wazima. Yaarub ananyonya kama mtu aliyedhulumiwa. Hadeel akimwona mwenzake ananyonya analia, akipewa yeye hataki. Mimi mzima. Nalala. Jana nimelala vizuri tu, nimeamka nimesimama.

Khattab wa huko kwenu alipopita getini kwa Osama na pikapu yake ya mboga kamwambia habari zako. Kwamba tangu simu yako itumbukie kwenye falaji, mfereji wenu wa mashamba, hutaki nyengine, unataka barua, tena za Kiswahili, na yeye ndiye atakuwa posta akishuka na kupanda. Na kwamba unataka nikuandikie hali ya hewa ya miezi hii inayokuja, ya tambarare na ya milimani, upate kujua lini uteremke.

Nimefurahi, shangazi. Nilipojifungua ulisema baridi ya Jabal Akhdhar ikipungua utakuja unilelee hawa watu wawili. Likizo yangu inaisha mwanzo wa Mei. Ukifika, narudi Darsait kwenye meza yangu ya mapokezi pale zahanati. Usipofika sirudi, na meza ile ina watu wanaoitolea macho. Ndiyo hivyo. Sikutishi.

Kusoma Kiarabu najua kunakutoa jasho, basi nimemwomba Stacy, yule nesi wetu Mkenya, anitafutie ya Kiswahili. Simu ya Stacy ina kila kitu. Kaniletea Ijumaa na mimi nimenakili kwa mkono mmoja, wa pili una Yaarub. Majina ya vijiji nimeyaruka. Ya huko milimani mimi siyajui, wewe utajijua uko wapi. Inasema hivi:

Masika, Machi mpaka Mei. Nyanda za tambarare zitapata mvua za wastani na vipindi vya jua, malisho yatakuwa mazuri. Nyanda za juu zitapata mvua kubwa kupita kawaida kuanzia wiki ya tatu ya Machi, ngurumo za radi alasiri, ukungu na baridi asubuhi, na huenda udongo ukaporomoka. Wakulima wa chai watarajie mavuno mema.

Sikujua kama huko mnalima chai. Miaka yote hii hujanitumia hata kikopo.

Basi teremka kabla ya hiyo wiki ya tatu. Chumba cha nyuma nimekifagia.

Mwanao,
Khawla


Sayq, Jabal Akhdhar, 26 Februari

Mwanangu Khawla,

Marahaba, mama, marahaba mara mia. Mkono wa kushoto umesikia salamu zake, unawasha.

Mie mzima, magoti tu asubuhi yanabisha kama mlango wa zamani. Nyumba ya marehemu mume wangu imesimama, paa halivuji. Ramadhani imetukuta salama. Nafturu kwa tende na uji wa mchele, jirani mmoja huniletea maziwa ya mbuzi. Jirani tu. Nibusie pacha. Hadeel mwache alie, huyo ana akili, anataka kuulizwa kabla ya kupewa.

Barua yako nimeisoma kabla ya futari na baada ya futari. Lakini mwanangu, hiyo hali ya hewa! Mvua kubwa kupita kawaida! Hayo si maneno ya mchezo. Wamekaa watu na vyombo vyao wakapima, mie nani niteremke mlima wakati udongo unaporomoka?

Utasema nije sasa, kabla ya mvua. Sasa nimefunga, na zile kona za barabara na saumu havipatani, tumbo linapanda mpaka kooni. Saumu ikisha mvua itakuwa ishaingia. Nnaona mwisho wa Mei, inshallah, au hapo karibu.

Chai ipo. Ipo kidogo. Usiniulizeulize mambo ya chai mwezi mtukufu.

Huyo Stacy mtu mzuri sana. Mwambie kama kuna hali ya hewa nyengine alete, nasi tunufaike.

Wako,
Kheiria

Mawaridi mwaka huu yanasemekana yatafunguka mapema. Jirani ndiye aliyesema.


Al Amerat, 27 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na mkono wa Idi. Tumeswali, tumekula, Osama kavaa kanzu mpya na Hadeel kaitapikia kabla hajafika mlangoni. Anas kaka yangu kaja kutupa salamu, kanenepa, anakuamkia. Mimi nalala.

Barua yako ya kwanza niliipata nzima, na ya pili, ya katikati ya Ramadhani, imefika pia, lakini imefika imefuliwa. Khattab alimpa Osama, Osama akaitia mfuko wa ovaroli akaisahau, na mimi nikaitia ovaroli kwenye mashine bila kupekua. Zamani nilikuwa napekua. Nimeianika karatasi juu ya kamba pamoja na nepi, na yaliyosalia ni haya. "Sijui nianze vipi, lakini huyu Ghaith", kisha buluu tupu ya wino. "Ana meno yake yote", buluu. "Hachagui chakula, ukimpa mkate mkavu anakula na anashukuru". Buluu tena. "Kila alfajiri namkuta mlangoni ananisubiri". Na mwisho kabisa, "mgongo wake bado una nguvu, lakini Anas usimwambie kwanza".

Nikamsomea Osama. Kasema, "Shangazi kanunua punda."

"Haiwezekani."

"Meno yote, hachagui chakula, mgongo una nguvu. Soma mwenyewe."

Nimesoma mwenyewe. Shangazi, punda wa nini? Na umri huo, na magoti hayo! Tena umempa jina la mtu. Sasa naelewa kwa nini huteremki, unamwonea huruma mnyama. Muuze. Au mpe huyo jirani wa maziwa, akae na mbuzi wake.

Haya, la maana. Stacy kaleta mpya. Milimani mvua zimeanza kwa nguvu, mito imefurika, wanaokaa kwenye miteremko wahame waende mahali salama. Nimeingiwa na khofu mpaka maziwa yamenikauka siku nzima. Kwetu Amerat jua linapasua kichwa, na Osama anasema Khattab kashuka na gari jekundu kwa vumbi, basi nikajua mvua ya huko ni ya upande mmoja. Lakini mteremko ni mteremko. Anas anakuja kukuchukua wiki ya pili ya Aprili. Sikuulizi, nakwambia. Funga mabegi.

Khawla


Sayq, 4 Aprili

Khawla mwanangu,

Marahaba, na mkono wa Idi nawe. Nibusie vitoto na mwambie Osama hongera kwa kanzu.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa kwenye ngazi na khanga nimeiuma nisisikike. Wallahi sijacheka hivi tangu nilipokuwa msichana. Ghaith nimempa habari zako. Nimemwambia kwamba umesema auzwe. Kaangalia pembeni kitambo, kisha kala mkate wake.

Ghaith hauzwi.

Niliyoyaandika katika ile barua niliyaandika mara moja, baada ya kuchana karatasi nyingi. Ikiwa mashine yako imeyanywa, basi imeyanywa. Mara ya pili sina uso huo. Tuzungumze mengine.

Mawaridi yamefunguka. Yanachumwa alfajiri, jua likiyapiga tu harufu inakimbia. Nachuma na mie! Mikono yangu inanukia hata nikila samaki naona nakula marashi. Ngazi zote za mashamba zimevaa waridi kutoka juu mpaka chini, na watu wanaitana mashamba kwa mashamba, na moshi wa kupikia maji ya waridi umejaa kila nyumba, na mie na magoti yangu napanda na kushuka kama kijana. Hayabishi tena. Sijui yamekwenda wapi.

Nakukumbuka kila nikichuma. Kisha nasahau. Kisha nakumbuka kuwa nimesahau.

Mvua ipo. Si hapa hasa. Anas asije, mwambie barabara mbaya.

Kheiria


Al Amerat, 14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Leo mikono siibusu.

Anas kaja. Kaondoka na kile kigari chake cheupe kukuokoa na mafuriko, kafika Birkat al Mawz, kwenye kizuizi cha polisi, askari kamwambia gari lisilovuta kwa magurudumu manne halipandi.

Anas kasema, "Ndugu yangu, shangazi yangu yuko juu na mafuriko."

Askari katazama mlima. Katazama mbingu, safi kama sahani. "Mafuriko ya nini?"

Mara akatokea Khattab anashuka na pikapu, kasimama kuulizia. "Mafuriko? Sisi Ijumaa iliyopita tumetoka na watoto na wazee kuswali swala ya kuomba mvua!"

Anas, maskini, kaona aokoe japo kitu. "Basi huyo punda wa shangazi, Ghaith, mzima?"

Anas anasema Khattab alilala juu ya usukani mpaka honi ikalia yenyewe. Alipoweza kusema kasema: "Ghaith mwenye mashamba ya mawaridi chini ya msikiti? Mzima sana. Kafiwa na mkewe zamani, na sasa kila alfajiri yuko mlangoni kwa Bi Kheiria na kikapu, kijiji chote kinajua. Wewe ndiye Anas? Anakutafuta wewe! Anataka kuja kuposa."

Nimemwambia mtu auzwe, shangazi. Nimeandika kwa mkono wangu apewe jirani akae na mbuzi.

Ijumaa kaja Stacy na maandazi. Nikamwuliza, "Stacy, hii hali ya hewa ni ya wapi?"

"Ya nyumbani. Si ni ya kwetu? Limuru, kwa mamangu."

"Limuru ipo Oman?"

"Khawla. Wewe uliniambia Kiswahili, mlimani na tambarare. Sasa huku Oman nani anatoa hali ya hewa kwa Kiswahili? Na majina si nilikuwekea yote? Nyeri, Murang'a, Kericho!"

Majina ndiyo niliyoyaruka.

Stacy kacheka mpaka kashuka kwenye kochi, nami nikacheka, na Hadeel akatutazama hivi, zamu kwa zamu, akacheka kwa sauti. Mara yake ya kwanza duniani. Cheko lake la kwanza ni la mvua ya Limuru.

Basi nikaingia jikoni nikalia.

Maana nimeikumbuka ile chai. Mtu aliyezaliwa Unguja, akakulia Unguja, asijue chai inalimwa wapi? Ulijua, shangazi. Tangu barua ya kwanza ulijua mvua ile ni ya kwa wenyewe, ukaishika, ukajifunika nayo kama mwavuli.

Nimekuwa nikikuandikia kuwa nalala. Silali. Juzi nimemfunga Yaarub nepi mbili na Hadeel nimemwacha hana hata moja, nikakaa nashangaa nani kalowa. Nimesahau jina la mtaa wetu mbele ya mtu wa gesi. Likizo inaisha, na kila nikiona wingu dogo juu ya milima nasema likipita hili, shangazi anakuja. Na mawingu yenyewe hayakuwepo.

Kama hutaki kuja ungesema. Ningelia mara moja nikatafuta njia nyengine.

Sasa niandikie kweli. Moja tu, fupi. Unakuja au huji?

Khawla


Sayq, 20 Aprili

Mwanangu,

Mikono usiibusu, haki yako.

Nilijua. Nilipofika kwenye chai nilijua, nikacheka, nikasema kesho n'tamwandikia. Kesho yake Ghaith kaniletea maziwa, kakaa kizingitini, kanihadithia ugomvi wake na kuku. Nami nikaona siku moja zaidi haina ubaya. Ndivyo ilivyoanza. Siku moja moja.

Uliza mwanamke wa umri wangu atasemaje. Nimezika mume, nimekulea weye mama yako alipofariki, nikafunga kitabu nikakiweka juu. Halafu mtu anakuja na kikapu. Nikikuchagua weye nampoteza yeye, nikimchagua yeye nakuvunja weye, na wote wawili mmenikalia moyoni, hakuna anayesogea. Nikaiachia mvua ya watu ichague.

Jawabu unalolitaka, fupi: nakuja. Jana nimemwambia Ghaith basi, nna mtoto ananihitaji tambarare. Hakusema kitu. Kaendelea kuchuma. Alkhamisi nateremka na Khattab, nakuja kukaa, si kutembea.

Ngoja, kuna ngurumo.

Baadaye. Khawla, inanyesha. Wallahi inanyesha, tena mawe ya barafu, yanapiga paa kama watu wanamwaga kokoto. Mawaridi yaliyobaki yamelala chini yote. Wadi, lile korongo kavu, umeshuka na maji na umechukua ukuta wa jirani wa chini, Khattab kapita mbio anasema barabara imefungwa. Sijui barua hii itashuka lini. Najua utasema ni mvua yangu nyengine. Nakuwekea humu jani la mkomamanga lililotobolewa na barafu, sina shahidi mwengine.

Kheiria


Al Amerat, 1 Mei

Shangazi Kheiria,

Shikamoo. Mikono naibusu, yote.

Barua na jani vimefika jana. Shahidi sikumhitaji. Mvua hiyo ilitukuta na sisi, wadi wa Amerat ukajaa, njia ikafungwa, Osama kabaki Rusayl siku mbili kalala juu ya makopo ya rangi. Nilitoka nje na pacha mmoja huku na mmoja huku, tukalowa wote watatu, majirani wanapiga vigelegele madirishani. Nikasema kama huyu mzee kaniandikia leo kuwa kunanyesha, kwa mara ya kwanza kasema kweli.

Ile barua nimeisoma, na kuna mahali pamoja nimeparudia mpaka karatasi imelegea. "Hakusema kitu. Kaendelea kuchuma." Sikupapenda. Nilitaka uje, lakini si kwa kupita juu ya mtu kama huyo. Anayejua kugombana utagombana naye. Anayeendelea kuchuma utamfanya nini?

Basi nimekata shauri na usinijibu mpaka umalize kusoma.

Utaolewa.

Anas nimemwita. Kasema, "Mimi nimwoze shangazi yangu? Aliyenichapa kwa kandambili?"

Nikamwambia, "Baba hayupo, shangazi hana mtoto, walii ni wewe. Utakwenda, na utanyoa ndevu vizuri."

"Na huyo mzee tunamjua?"

"Ana meno yake yote, hachagui chakula, na mgongo una nguvu. Wewe mkeo alijua mangapi juu yako?"

Kauliza tarehe. Atakuja.

Sasa sikiliza sharti langu. Siku ya harusi yangu ulisimama mlangoni, ukamzuia Osama na watu wake wote kwenye jua, ukasema haingii mtu mpaka mkaja utoke, maana wewe ndiye uliyenilea na wewe ndiye mama wa bi harusi. Mkaja ukatoka. Leo bi harusi ni wewe. Mama wa kukutoa ni nani, kama si mimi? Nami nimezaa juzi, tumbo langu ndilo linalohitaji kufungwa kuliko la mama yeyote Oman nzima. Nataka mkaja wangu.

Sitaki kitambaa. Nawataka nyinyi. Wewe na bwana wako mteremke pamoja, mkae kwangu mpaka makomamanga yenu yaive, ndipo mpande mkachume. Mawaridi yamekwisha, hana la kufanya huko ila kugombana na kuku. Pacha watakuwa washaanza kukaa wenyewe, nami nitajua la kufanya. Zahanati nimewaomba mpaka wiki ya mwisho ya Mei, Stacy ananishikia meza. Zaidi ya hapo hawangoji.

Na hali ya hewa safari hii nakuandikia mwenyewe, ya kwetu hasa, umsomee asije akasema kadanganywa. Tambarare: moto. Juni moto, Julai moto zaidi, Agosti hakuelezeki. Ukigusa mlango wa gari unaacha ngozi. Usiku hakupoi. Milimani: baridi nzuri, hewa safi, na watu waongo.

Akikubali, ni mume. Akikataa, mwache na kuku wake, uje peke yako tulie wawili.

Khawla, mama wa bi harusi


Sayq, 7 Mei

Mama yangu Khawla,

Shikamoo! Leo naamkia mie.

Baada ya kumwambia basi nilidhani mlangoni hatakuja tena. Kaja. Kesho yake, na kesho yake tena, mvua ikinyesha na isiponyesha. Nikamwuliza, "Sijakwambia basi?" Kasema, "Umeniambia. Lakini kikapu nilishakizoesha njia hii."

Basi nikamketisha kizingitini nikamtafsiria barua yako.

"Mkaja ni nini?"

"Kitambaa cha kufungia tumbo mama aliyezaa. Kwetu bwana harusi humpa mama wa bi harusi, ndiyo shukrani ya kubeba na kulea."

"Nitanunua. Kizuri."

"Hataki kitambaa. Anakutaka weye, Muscat, miezi ya joto."

Kaweka kikapu chini. "Joto kiasi gani?"

Nikamsomea hali ya hewa yako yote, na ile ya mlango wa gari nikaisoma mara mbili, nisije nikalaumiwa. Kakiinua kikapu, kakigeuza huku na huku, kakiweka tena. Nikasema moyoni, haya, imekwisha, jitayarishe.

"Watoto wangapi?"

"Wawili."

"Wanalia?"

"Mmoja analia akimwona mwenzake ananyonya."

"Ana haki," kasema. "Hata mimi ningelia." Kisha kauliza kama kwenu kuna mahali pa kuweka kuku watatu. Nimemwambia hakuna. Kasema wawili.

Jioni kaja na begi lake na blanketi. Nikamwambia, bwana wee, ndoa bado, rudi kwako! Kijiji chote kilikuwa kwenye kuta kinatazama. Kageuka na begi lake, kapita katikati yao kichwa juu, anawasalimia mmoja mmoja.

Ijumaa ya tarehe 15, baada ya swala. Anas aazime gari la kupanda mlima. Weye usije na pacha kwenye zile kona, harusi n'takuletea mlangoni.

Bi harusi wako,
Kheiria

Kuku ni mmoja. Tumeelewana.


Al Amerat, mezani jikoni, 24 Mei, asubuhi

Shangazi,

Shikamoo. Uko chumba cha nyuma na mimi nakuandikia, maana nikikuamsha nitakaa, tutazungumza, na Osama kashaanza kupiga honi.

Jana nimelala. Hii si kama zile za mwanzo, hii kweli. Nimelala kitandani, na shuka, mpaka kukapambazuka bila ya mtu kunigusa, na nilipofungua macho nikaona kimya hiki si cha heri. Nimekimbia bila viatu. Nikakukuta wewe umelala na Yaarub kwenye mkono, na Bwana Ghaith, bwana harusi wa siku tisa, sebuleni kakaa wima kwenye kochi, kajifunika blanketi lake mbele ya kiyoyozi, Hadeel kifuani kwake mdomo wazi. Yeye macho. Kaninyooshea kidole mdomoni, nikapita kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kaniuliza kwa ishara kama kile kiyoyozi kinaweza kuongezwa. Nimemwongezea.

Nikasimama katikati ya ukumbi sina mtu mkononi. Nilikuwa nimesahau mikono ikiwa mitupu inawekwa wapi.

Maziwa yako kwenye friji, chupa ya kijani ya Yaarub, ya njano ya Hadeel. Ukimpa ya kijani anajua. Muulize kwanza, ndipo umpe. Kuku yupo kwenye bafu la wageni, sijui kafikaje, tutazungumza jioni, na nitakuwa mkali.

Sare yangu haifungi kiunoni. Nimeibana kwa pini, nimevaa abaya juu, nani ataona? Stacy kaniambia kaniwekea ua mezani na kaniandikia Karibu, kisha kaongeza hali ya hewa ya Darsait, mpuuzi yule.

Honi tena. Nimefika mlangoni mara tatu na mara tatu nimerudi kuwatazama. Sasa nakwenda.

Simu nimekuachia juu ya friji, namba yangu ni ya kwanza. Wakilia, nipigie. Wasipolia, nipigie zaidi.

Khawla